Kusubu Shaba Chakavu Kibera na Kawangware: Historia ya Kazi na ya Maneno Yake

1. Utangulizi

Waandishi walio wengi waliozichunguza kazi za mikono katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, wamezitazama kwa jicho la mwanauchumi. Wamewahesabu mafundi, wamepima mapato yao, kisha wakapendekeza mikopo na mafunzo. Hatuna ugomvi nao, kwani kazi yao ilihitajika. Walakini aghalabu wamezichukulia kazi hizo kana kwamba zilizaliwa jana, na kana kwamba umaskini ndio mama yake wa pekee. Makala haya yanakusudia kuitazama mojawapo ya kazi hizo, yaani kuyeyusha shaba chakavu na kuitia katika kalibu, kwa jicho la historia na la lugha.

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa sababu ndogo. Asubuhi moja, katika ploti niliyokuwa nimepanga Kawangware, tuliamka tukakuta mfereji wa uani umeng'olewa na maji yanatiririka hadi barabarani. Ulikuwa mfereji wa shaba, na ndio pekee uliotumiwa na nyumba kumi na mbili. Mama mmoja jirani yangu aliutazama mwanya ule akasema, "Umeenda kumwagwa huo." Hakusema umekwenda kuuzwa, wala hakusema umeibwa. Neno lake lilinishughulisha kutwa nzima. Nilijua kwamba maji humwagwa, na damu, na mchanga. Sikujua kwamba mfereji nao humwagwa. Nilipouliza nikaelezwa kwamba ndivyo mafundi wa shaba wanavyosema: kumwaga ni kuyeyusha shaba na kuimimina ili iwe kitu kingine.

Katika kurasa zifuatazo tutajaribu kuonyesha kwamba kuyeyusha kilichokwisha tumika si dalili ya kuishiwa, bali ndiyo njia ambayo kwayo shaba ya manjano imefanyiwa kazi katika sehemu hii ya Afrika tangu zamani. Tutaonyesha pia kwamba hali ni hiyo hiyo kwa maneno ya kazi hii. Mwisho tutalirudia swali la ule mfereji, kwa maana historia ambayo haiwezi kumjibu jirani aliyekosa maji ina upungufu.

2. Jina la Shaba

Ni vyema tuanze na jina. Katika Kiswahili neno shaba hutumiwa kwa vitu viwili ambavyo mafundi wa Nairobi hawavichanganyi hata kidogo. Kuna shaba nyekundu, ambayo ni madini halisi yachimbwayo ardhini, na ambayo leo hupatikana zaidi katika nyaya za umeme. Tena kuna shaba ya manjano, ambayo wengine huiita shaba nyeupe. Hii haichimbwi popote duniani. Ni mchanganyo wa shaba nyekundu na zinki, na kiasi cha zinki aghalabu huwa baina ya theluthi na humusi mbili za uzito wote. Kufuli, mifereji, mita za maji, bawaba, valvu na maganda ya risasi kwa kawaida hufanywa kwa mchanganyo huu, na ndio unaotuhusu hapa.

Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu. Katika Kiarabu cha kale *shabah* lilikuwa jina la shaba ya manjano, na wanakamusi wa lugha hiyo walieleza kwamba iliitwa hivyo kwa sababu inashabihiana na dhahabu. Basi shaba, shabihi na tashbihi ni ndugu wa mzizi mmoja. Waswahili walipolipokea neno hili walilipanua hata likaihusu pia shaba nyekundu, ambayo haifanani na dhahabu. Upanuzi huo ulifika mbali: jimbo la Katanga, ambalo utajiri wake mkubwa ni shaba nyekundu, liliitwa Shaba tangu miaka ya 1970 hadi mwaka 1997, wakati nchi ya Kongo ilipokuwa na kisha ilipoacha kuitwa Zaire. Kwa hiyo jina lililotungwa kwa ajili ya kitu kinachofanana na kingine lilitolewa kwa madini yasiyofanana na chochote ila nafsi yake. Hapa twaona kwa mara ya kwanza jambo tutakaloliona tena, kwamba neno hupokewa likiwa na umbo moja, kisha likafanywa umbo jingine kwa mahitaji ya wapokeaji.

3. Shaba ya Pwani

Kazi ya kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu, si ngeni katika nchi yetu. Katika uchimbuzi uliofanywa Shanga, kisiwani Pate, ukiongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, ilipatikana sanamu ndogo ya simba iliyosubiwa, ambayo kimo chake ni sentimita zipatazo sita. Umri wake ulikadiriwa kuwa wa karne ya 11 au ya 12. Mtindo wake una sura ya Kihindi, na wataalamu wamejadiliana kama iliundwa pwani hii au ililetwa kwa jahazi. Lililo muhimu kwetu ni kwamba watu wa Shanga waliishi na vitu vya namna hiyo karne nyingi kabla ya Nairobi kuwako.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni siwa ya Lamu. Ilhali siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, ile ya Lamu ni ya shaba, na ilisubiwa kwa njia ya nta: fundi hufinyanga umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, huuchoma udongo hata nta ikayeyuka ikatoka, kisha humimina shaba mahali ilipokuwa nta. Kazi hiyo haina nafasi ya kukosea, kwani kalibu lazima ivunjwe ili kitu kitoke. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Lamu, aliziandikia siwa hizo mbili makala mahususi mwaka 1976. Siwa ilipulizwa katika harusi na sherehe za watu wenye nasaba, na kwa hiyo shaba yake ilisimama mahali pa heshima kuu.

Lakini shaba ile ilitoka wapi? Katika pwani yetu hapakuwa na tanuri la kuchanganya shaba nyekundu na zinki kutoka mawe ya ardhini. Shaba ya manjano ilifika katika umbo la masinia, madeli ya kahawa, mapatu na nyaya. Fundi aliyetaka kusubu hakuwa na mgodi; alikuwa na chombo kilichotoboka.

Jambo hili si la pwani yetu peke yake. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili London, nilisimama mara nyingi mbele ya sanamu za Benin ambazo Waingereza walizinyakua mwaka 1897 walipoiteka ikulu ya mfalme wa huko. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba shaba yake ilitokana na bangili nzito ambazo Wareno na Wazungu wengine walizitumia kama fedha katika biashara ya Afrika Magharibi, zikiwemo fedha za kununulia watumwa. Mwaka 2023 uchunguzi wa kemikali uliochapishwa na Tobias Skowronek na wenzake ulithibitisha dhana hiyo, tena ukaonyesha kwamba madini mengi ya bangili zile yalitoka eneo la mto Rhein, Ujerumani. Sanaa ile inayosifiwa duniani kote iliundwa, kwa sehemu kubwa, kwa kuyeyusha vitu vilivyokwisha kutumika. Hakuna anayewaita mafundi wa Benin waokota vyuma. Kwa nini basi fundi wa Kibera aitwe hivyo?

4. Shaba ya Bara

Huku bara shaba ilikuja kwa misafara. Bidhaa tatu kuu za msafara wa karne ya 19 zilikuwa nguo, ushanga na waya, na waya mnene wa shaba uliitwa masango. Joseph Thomson alipopita katika nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884 alibeba mizigo ya waya kwa sababu bila waya hapakuwa na njia wala chakula. Wahunzi wa Kikuyu, ambao kwa lugha yao huitwa *aturi*, waliufanyia kazi waya huo pamoja na chuma walichokiyeyusha wenyewe kutoka mchanga mweusi wa mitoni. William na Katherine Routledge waliwaeleza mafundi hao katika kitabu chao cha mwaka 1910, na Gerhard Lindblom akaeleza vivyo hivyo juu ya Wakamba mwaka 1920. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa, na laana yake ilihesabiwa kuwa nzito.

Mitaa yetu miwili imo ndani ya historia hiyo. Kawangware iko katika eneo la Dagoretti, na ni katika Dagoretti ambako Lugard alijenga ngome ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1890, ili misafara iendayo Uganda ipate kununua chakula kwa Wakikuyu. Kibera nayo ilianza kwa askari. Wanubi, ambao wazee wao walitoka Sudan na kuingizwa katika jeshi la Waingereza baada ya mwaka 1891, waliruhusiwa kukaa mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 pakatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Jina Kibra katika Kinubi maana yake ni msitu. Ilikuwa mwaka 2017 tu, yaani karibu karne nzima baadaye, Wanubi walipopewa hati ya pamoja ya ekari 288.

Palipo na askari pana maganda ya risasi, na ganda la risasi ni shaba safi ya manjano. Vita Kuu ya Kwanza ilitoa mfano mmoja ambao haufai kusahauliwa. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki, wakiwa wamezingirwa na wamekosa sarafu kutoka Ulaya, walizitengeneza wenyewe Tabora. Sarafu zao za heller 5 na 20 zilifanywa kwa shaba iliyopatikana hapo hapo, yakiwemo maganda ya risasi. Serikali ya kikoloni yenyewe, ilipobanwa, iligeuka kuwa fundi wa shaba chakavu.

5. Kutoka Karakana hadi Uani

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na pamoja nayo karakana. Gari moshi lina vipande vingi vya shaba: beringi, valvu, mabomba na vipimio. Vipande hivyo vilipochakaa viliyeyushwa na kusubiwa upya, na Waafrika waliokuwa vibarua wa karakana walijifunza kwa macho kabla ya kuruhusiwa kujifunza kwa mikono.

Mzee mmoja wa Makina, Kibera, aliyeifanya kazi hiyo ujanani, alinieleza hivi: "Mwanangu, mimi nilipewa fagio. Nilifagia mchanga wa kalibu miaka miwili. Siku fundi alipougua, nikamimina mimi, na hakuna aliyeona tofauti." Nilimwuliza, "Mzee, wakati huo kazi yenyewe mliiitaje?" Akanijibu, "Kumwaga. Ungeitaje tena?"

Baada ya uhuru kazi hii iliendelea nje ya karakana, mahali pasipo paa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, iliwafanya wataalamu wa ulimwengu waitambue sekta isiyo rasmi. Kenneth King aliandika juu ya mafundi hao katika kitabu cha mwaka 1977, na tena mwaka 1996. Wananchi wenyewe walikuwa wamekwisha kuipa jina lililo bora kuliko yote, yaani jua kali, na serikali ikalitia jina hilo katika waraka wake wa sera wa mwaka 1992. Yafaa tutambue kwamba huu ni mfano adimu wa neno la Kiswahili la uani kuingia katika nyaraka za Kiingereza bila kutafsiriwa.

Katika karne hii shaba ya Kibera imesafiri mbali. Tangu mwaka 2010 hivi, mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa uliwaunganisha mafundi wa Nairobi na watengenezaji wa mitindo wa Ulaya, akiwemo Vivienne Westwood wa London, ambaye mikoba yake ya mpango huo ilitumia shaba iliyoyeyushwa Kibera kutokana na kufuli na vipande vya magari. Bangili zilizoanza safari zikiwa kufuli za milango ya mabati zimevaliwa na watu ambao hawajapata kuiona Kibera. Wapo wanaoamini kwamba wageni ndio walioileta kazi hii. Historia tuliyoipitia inakanusha. Wageni walileta soko na michoro, moto ulikuwako.

6. Namna Kazi Ifanyikavyo

Mbali na mafundi wanaoishi kwa kazi hii, wapo pia wanaoifanya nyumbani kwa kupenda tu. Nilimpata kijana mmoja Kawangware, mlinzi wa usiku, ambaye huwasha tanuri lake dogo Jumapili alasiri nyuma ya nyumba. Tanuri ni debe lililokandikwa udongo kwa ndani, lenye tundu moja ubavuni. Mahali pa mivukuto ya kale ameweka feni iliyotolewa katika mtambo mbovu. Mkaa ni wa kawaida. Chungu cha kuyeyushia ni cha grafiti, na ndicho kitu pekee alichokinunua dukani.

Kalibu ni fremu mbili za mbao zinazopandana, zilizojazwa mchanga laini wenye udongo kidogo na unyevu mdogo. Umbo la kitu hukandamizwa katikati, fremu hutenganishwa, umbo hutolewa, na fremu hurudishwa zikiwa na tundu la kumiminia na jingine la kutolea hewa. Shaba ya manjano huyeyuka baina ya nyuzi 900 na 940 za sentigredi, kwa kutegemea kiasi cha zinki. Fundi huondoa mavi ya shaba juu ya chungu, hukishika kwa koleo na kumimina mara moja bila kusita, kwani akisita shaba huganda njiani.

Kitu cha kwanza alichokimwaga kijana huyu kilikuwa ramani ya Kenya ya kuning'inizia funguo. Ilitoka na matundu mengi, na Turkana yote haikuwapo. Mchanga ulikuwa na maji kupita kiasi, na mvuke uliisukuma shaba. Alicheka aliponionyesha, lakini kosa hilo si la kuchekesha kila mara. Mchanga au kipande kilicholowa kikikutana na shaba iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke ghafula na shaba huruka usoni. Vivyo hivyo kitu kilichozibwa pande zote kikitiwa chunguni huweza kupasuka, na risasi ambayo haijalipuka ni mauti.

Hatari nyingine huja kimya kimya. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, yaani karibu na hapo shaba inapoyeyuka, na moshi mweupe unaopaa kutoka chungu ni zinki iliyoungua. Aivutaye hupata jioni homa ya kutetemeka, maumivu ya viungo na ladha ya madini mdomoni, na kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili. Mafundi wengi huinywea maziwa na kuendelea. Lakini mifereji na kufuli nyingi zina pia risasi nyeusi kidogo, iliyotiwa ili shaba ikatike vizuri katika mashine, na sumu ya risasi haiondoki kwa siku mbili. Hukusanyika mwilini, na huwadhuru watoto zaidi kuliko watu wazima. Uani ambamo tanuri limewashwa ndimo watoto wachezamo. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa kujifurahisha hana budi kuifanya mahali penye upepo, mbali na watoto na chakula, wala asidhani kwamba maziwa ni dawa.

7. Swali la Mfereji

Sasa twarudi kwenye swali letu. Wizi wa vyuma si hadithi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 iliunda baraza la kuisimamia biashara hiyo na kuwataka wafanyabiashara wawe na leseni. Januari 2022, baada ya minara ya njia ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka na nchi kukosa umeme, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo iliondolewa Mei mwaka huo huo. Katika miezi hiyo mafundi wa shaba ambao hawakuwa wamegusa mnara wowote walikaa bila kazi pamoja na wezi.

Nilimwendea fundi mmoja wa Kibera nikamwambia waziwazi kilichotupata. "Mwalimu," akaniambia, "shaba ikishaingia chunguni haina ukoo. Hata mimi siwezi kukuambia bangili hii ilikuwa nini." Nikamwuliza, "Na kabla haijaingia, ndugu yangu?" Akanyamaza kidogo, kisha akatoa daftari la shule lenye jalada lililochanika. Ndani yake aliandika kila alichonunua: tarehe, uzito, aina ya kitu, jina la aliyeuza na nambari yake ya simu. Akaeleza kwamba mfereji ambao nyuzi zake bado zina utepe mpya mweupe wa kuzuia maji hauchukui, kwani mfereji uliochakaa hauwi na utepe mpya. Alikiri kwamba desturi hiyo humpotezea mali, maana jirani yake hununua alichokikataa yeye. Alipoianza hakuwa amelazimishwa na sheria yoyote. Mamaye huuza maji kwa mitungi, na siku moja mfereji wake mwenyewe uling'olewa.

Maneno hayo yalinifunza zaidi ya nilivyotarajia. Wanaowatetea mafundi husema kwamba wao huokoa takataka. Wanaowalaumu husema kwamba huficha wizi. Pande zote mbili zinazungumzia kile kinachotoka katika kalibu, ilhali hukumu iko katika kile kinachoingia. Aliyekosa maji Kawangware na aliyekosa kazi Kibera ni watu wa hali moja, pengine ni wa nyumba moja. Kuwapiga marufuku wote hakukuurudisha mfereji wetu. Mwenye ploti aliuweka wa plastiki, kama wafanyavyo wenye nyumba wengi siku hizi, na kila mfereji wa plastiki unapowekwa shaba ya kesho hupungua. Kwa njia hiyo wizi huo unakula mtaji wa kazi yenyewe.

8. Kumwaga na Kusubu

Imebaki niseme juu ya neno. Nilipoanza uchunguzi huu nilikuwa na nia ya kuwafundisha mafundi Kiswahili chao. Nilijua kwamba kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ina kitenzi subu kwa maana ya kumimina madini katika kalibu, na kwamba ina pia kalibu, koleo, fuawe na mivukuto. Mafundi wa Kibera niliozungumza nao hawakulijua neno kusubu. Wao husema kumwaga, na kalibu huiita moldi. Niliyaona maneno hayo kuwa umaskini wa lugha, na nikayaandika kwa kalamu nyekundu.

Kisha nikaitafuta asili ya subu. Kitenzi hicho chatokana na Kiarabu *sabba*, na maana ya *sabba* ni kumimina, kumwaga. Basi Waswahili wa zamani walichukua neno la kawaida la kumwaga kutoka lugha ya wenzao wakalifanya istilahi ya kazi. Wafanyakazi wa Nairobi, bila kulijua hilo, walichukua neno la kawaida la kumwaga kutoka lugha yao wenyewe wakalifanya istilahi ya kazi ile ile. Wazo ni moja; limeyeyushwa likamiminwa mara ya pili. Kalamu yangu nyekundu haikuwa na haki.

Hii si kusema kwamba kusubu lizikwe. Anayejua kusubu anaweza kumsoma mwandishi wa zamani, na fundi wa Kibera anaweza kujiona kuwa wa ukoo mmoja na fundi wa siwa. Lakini anayeandika kamusi leo hana budi kuliandika kumwaga pamoja na kusubu, na moldi pamoja na kalibu, na aonyeshe kila moja limetoka wapi na hutumiwa na nani. Hiyo ndiyo kazi ya kamusi. Kwa hakika ni kazi ile ile ya daftari la yule fundi: kuandika kabla ya moto, maana baada ya moto hakuna awezaye kuuliza.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba shaba ya manjano haikupata kuchimbwa katika nchi yetu. Ilifika ikiwa sinia, waya, ganda la risasi, beringi ya gari moshi na kufuli, na kila kizazi kiliiyeyusha kwa haja yake. Mafundi wa Kibera na Kawangware ni kizazi cha karibuni katika mfululizo huo, wala hawahitaji kuombewa radhi. Wanachohitaji ni soko la haki, hewa safi, na utaratibu wa kununua ambao hautamwadhibu mwaminifu kwa kosa la mwizi. Sheria ingeanzia kwenye daftari kama lile, ikalifanya liwe desturi ya kila mnunuzi wa shaba, ingekuwa na manufaa kuliko marufuku ya miezi mitatu au minne.

Kwa upande wetu sisi walimu wa lugha, ipo kazi isiyongoja sheria. Msamiati wa mafundi hao haujakusanywa ipasavyo. Wazee waliofanya kazi katika karakana za reli wanapungua kila mwaka, na maneno yao yanakwenda nao. Wanafunzi wetu wangetumwa Makina na Kawangware wakiwa na kalamu, wakasikiliza kwanza kabla ya kusahihisha, idara zetu zingepata mali ambayo haipatikani London.

Mfereji wa ploti ile haukuonekana tena. Yawezekana leo ni bangili, na yawezekana mwenye kuivaa ni mtu mwema. Yule mama jirani yangu aliteka maji kwa mtungi wa kununua kwa siku tisa, hata fundi alipokuja.